Mchanga Uliofagiliwa

Kwetu, ukiwa karibu na korongo, hutaji jina la mtu. Unaita "wewe", unaita "mama mtoto", unapiga mluzi, basi. Nimezoea hivyo, ndiyo maana humu hakuna jina hata moja. Atakayejitambua ajitambue mwenyewe.

Kiangazi cha mwaka jana nilipanga kulipita korongo lile lote kwa siku moja, kuanzia mdomo wake ulio chini ya kijiji chetu mpaka linakoishia juu, kwenye barabara ya kwenda Geita. Sikuwa na hamu ya matembezi. Mwanangu wa kike, wa miaka mitatu, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Ukimpa kikombe cha uji, uji unaishia kifuani. Ukimfunga vifungo vya gauni, unahisi mwili mzima unatikisika ndani kama mtu aliyetoka mvuani, na hapo ni jua la saa saba.

Nesi wa zahanati alimpima malaria, hana. Minyoo, hana. Akaniuliza, "Nyumbani mnachenjua dhahabu, mnaiosha kwa dawa?"

"Hatuchenjui. Baba yake anapakia mizigo sokoni Geita."

"Maji mnachota wapi?"

"Mtoni. Tunachimba mchangani."

"Na juu yenu, huko mto unakotokea, kuna nani?"

"Ni korongo tu. Hakuna mtu."

Akaandika kitu kwenye daftari, kisha akanitazama. "Una hakika hakuna mtu?"

Nilikasirika. Nilimwona kama ananilaumu mimi mama. Lakini njiani, mtoto mgongoni, lile swali likaanza kunitembelea. Hakika nimeipata wapi? Tangu lini nimekwenda kuangalia?

Niseme kwanza kwa nini hakuna aliyekuwa anaangalia. Masika mawili kabla ya hapo, mchimbaji mmoja mgeni alifukiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililochimbwa kwenye ukuta wa korongo. Wanaume walifukua siku tatu wakashindwa. Wazee wakalifunga korongo. Waliweka tawi la mgunga lenye miiba pale mdomoni, wakavunja chungu juu yake, wakasema asiingie mtu mpaka ndugu wa marehemu waje na kondoo wamchukue mtu wao. Hao ndugu hakuna aliyewajua. Hawakuja. Tawi likabaki pale, na sisi wanawake tukaendelea kuchota maji mchangani hatua mia mbili chini yake, tukiwa tumelipa mgongo.

Na alikuwa anagonga. Sisemi uongo. Saa nne asubuhi, jua kali, umepiga magoti unakomba maji kwa kata, unasikia ndani ya jiwe: ko, ko, ko. Ukinyanyuka usikilize, kimya. Ukiinama, ko, ko. Wanawake wanatazamana, wanajaza ndoo haraka, wanaondoka. Mimi nimefika kidato cha nne, nimechora ramani na mistari yake ya mwinuko, nimepasua jicho la ng'ombe maabara. Ile sauti ukiisikia, kidato cha nne kinakimbia mbele yako.

Siku ya pili baada ya zahanati nilimwacha mtoto kwa mama mkwe nikaenda peke yangu mpaka kwenye tawi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kuta za korongo pale mdomoni zinakaribiana kama watu wawili wanaonong'ona, na ndani yake hewa ni baridi hata kiangazi. Ndege hakuna. Nilikaa namtafuta hata chiriku mmoja, hakuna.

Nikalitazama tawi. Majani yake yalikuwa mabichi.

Nililishika. Mgunga ukikatwa, siku nne majani yamedondoka yote, unabaki na mwiba na kuni. Hili lilikuwa na miaka miwili na lilikuwa linatoa harufu ya tawi lililokatwa juzi. Nikachungulia ng'ambo yake, ndani, na hapo ndipo nilipoona kitu kilichonikosesha usingizi kuliko lile tawi. Mchanga ulikuwa umefagiliwa. Siyo upepo. Mistari ya ufagio, ile tunayoiacha uani asubuhi, nusu duara juu ya nusu duara, imekwenda mpaka kwenye kona ya kwanza na kupotelea huko. Hakuna unyayo hata mmoja. Nani anafagia kwa marehemu?

Nilirudi nyumbani natembea, sikukimbia, kwa sababu nilihisi nikikimbia nitafuatwa. Na nilipofika uani nikakuta hasira imeshaikalia hofu. Mtu au shetani, anayekaa juu ya maji ya mwanangu nitamwona kwa macho yangu.

Mtu wa kwenda naye alikuwa mmoja tu, jirani yangu, mwanamke mwenye miguu ya kulimia heka mbili na mdomo wa kuuzia. Tatizo ni kwamba tulikuwa hatusemeshani, kwa sababu ya ufagio. Ufagio wangu wa uani, wa vijiti, niliokuwa nimeufunga kwa kipande cha kitenge changu cha zamani cha samaki wa bluu, ulipotea mwezi wa sita. Mimi nikasema watoto wake wameuchukua. Yeye akasema mbele ya watu pale kisimani mchangani kwamba kama nimekosa cha kuibiwa, nisiwasingizie wanawe.

Nikaenda kwake. Alikuwa anachambua karanga, hakunikaribisha kiti.

"Mwangaluka," nikamsalimu kwa Kisukuma, kwa kujishusha.

"Umekuja kupekua ufagio? Angalia uvunguni."

"Nimekuja kukuomba twende korongoni."

Akaacha karanga. "Mayu wee. Umechoka kuishi, unataka mwenzako wa kwenda naye?"

Nikamweleza yote: nesi, tawi, mchanga. Akatazama kule wanawe walikokuwa wanacheza. Kisha akasema mwanawe mdogo naye siku hizi analalamika mdomo una ladha ya shilingi. Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa. Tutaondoka saa ngapi?"

Tulipanga siku tisa, na kupanga kwenyewe kulikuwa kazi. Jirani ana simu kubwa, tukafungua ramani ile ya picha za kutoka angani. Korongo lilionekana kama ufa kwenye kikaango. Tulilifuata kwa kidole kona moja moja, tukahesabu mabwawa matatu yanayobaki na maji kiangazi chote, na karibu na bwawa la tatu, pale kuta zinapobanana kabisa, kulikuwa na kitone cha bluu. Tukakikuza mpaka kikawa mraba.

"Ni maji," akasema.

"Maji yana pembe nne?"

Akaizima simu akaigeuza kifudifudi, kana kwamba kile kitone nacho kingeweza kutuona.

Sikujua mwendo wetu kwenye mawe ni wa namna gani, kwa hiyo nilijipima. Nilipanda kilima cha nyuma ya shule kwa mawe matupu, saa mkononi, mfuko wa mchanga mgongoni badala ya mzigo. Kwa urefu tuliokadiria kwenye ramani, nikapata mwendo wa saa tisa, tusipokaa na tusipoumia. Kwa hiyo kuingia ni saa kumi na mbili asubuhi, mara kukipambazuka. Tukikosa kufika bwawa la tatu kabla ya saa sita mchana, tunageuza, hakuna mjadala. Maji ya mle hatunywi hata tone, kila mmoja anabeba chupa zake tatu. Chakula michembe na karanga zenye chumvi, kwa sababu viazi vilivyokaushwa havimwagiki wala havichachi. Miguuni katambuga, zile ndala za tairi, maana raba zinateleza kwenye jiwe lenye ukungu. Kanga mbili za kufungana viunoni penye kupanda. Na kila asubuhi tunatazama mawingu ya upande wa Geita, kwa sababu mvua ikinyesha kule, hata nje ya msimu, maji yanateremka korongoni na huku kwetu hakuna hata wingu, unasikia tu ngurumo na umeshachelewa.

Mpango wote niliuchora kwa mkaa nyuma ya mfuko wa sementi, nikautandika uani. Siku ya saba mume wangu akarudi.

Kazi yake ilikuwa hivyo, siku kumi Geita, siku tatu nyumbani. Hakuwahi kukanyaga korongo, alikuwa akisema hivyo kila likitajwa, na alikuwa akisema kwa sauti ya mtu mwenye heshima kwa wafu. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Alicheka.

"Umekuwa mzungu? Wazungu ndio wanatembea juani juu ya mawe halafu wanarudi walipotoka."

"Shemeji, mwache," jirani akadakia, maana alikuwa amekuja na karanga zake. "Tukipotea utaoa binti wa sekondari, huyu si ameshazeeka?"

"Nyie mnacheza na mtu aliyefukiwa. Mtoto atapona. Watoto wanatetemeka, wanaacha."

"Wa kwako anatetemeka, huu ni mwezi wa tatu," nikasema.

Alikuwa amechuchumaa anapigilia mpini wa jembe. Mtoto akaja na kikombe chake, akamwagikiwa, akamtazama baba yake kuona kama atagombezwa. Baba yake akainama zaidi kwenye jembe.

Mimi nikarudi kwenye mfuko, nikawa namsomea jirani kwa sauti. "Bwawa la kwanza tunazunguka kulia. La pili linavukika. La tatu, kwenye ramani kulia kuna mteremko mzuri, tunapanda kulia."

"Kulia kuliporomoka masika haya," mume wangu akasema. Hakunyanyua kichwa. "Mtaanguka. Pandieni kushoto, mshike mizizi ya mkuyu, ule mzizi mnene siyo mwembamba."

Jirani aliacha kuchambua. Karanga moja ilimtoka mkononi ikabingirika mpaka kwenye mfuko, ikasimama juu ya lile bwawa nililolichora. Mume wangu akapiga nyundo mara mbili, kisha ya tatu ikachelewa. Ko, ko. Ko.

Nikachukua mkaa, nikaandika upande wa kushoto: mzizi mnene.

Watu wananiuliza kwa nini sikumrukia palepale. Ningemrukia angesema aliambiwa na mtu. Angesema alisikia sokoni. Namjua. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho kilinichoma zaidi, kwamba alikuwa amesema kwa sababu hakutaka nianguke. Ulimi wake ulinihurumia kabla yake mwenyewe. Usiku ule alilala akanipa mgongo, na alfajiri nilikuta kitanda kitupu. Alimwambia mama yake ameitwa kazini.

Tuliingia siku mbili baadaye kama tulivyopanga. Tawi lilikuwa pale, bichi. Jirani alilinyanyua kwa fimbo kama mtu anayenyanyua nyoka, tukapita chini yake, akalirudisha. Mchanga ulikuwa umefagiliwa upya, na nyayo zetu zilikuwa za kwanza juu yake. Kila nilipogeuka niliziona zinatufuata, jozi mbili, na moyo wangu ukawa unahesabu kila kona, bado ni mbili, bado ni mbili.

Mle ndani hamna asubuhi. Jua linakaa juu kabisa ukingoni kama kitu cha watu wengine, na wewe unatembea kwenye rangi ya majivu. Sauti yako inakwenda mbele, inapiga kona, inarudi ikiwa imechelewa kidogo na si yako. Tulikuwa tunanong'ona. Bwawa la kwanza, kulia, maji mpaka magotini. La pili tulivuka juu ya mawe, na pembeni yake kulikuwa na mbuzi aliyekufa, mzima, hajaguswa na fisi wala kunguru. Jirani akasema, "Hata nzi?" Nikaangalia. Hata nzi.

Mwendo ulikuwa mgumu kuliko kilima cha shule. Mawe makubwa kama vihenge vya nafaka, unapanda kwa tumbo, unashuka kwa makalio. Kanga zilitusaidia mara mbili. Saa tano na nusu tulifika bwawa la tatu. Kulia kulikuwa kumeporomoka kweli, kidonda kibichi cha udongo mwekundu. Kushoto kulikuwa na mkuyu. Mzizi mnene ulikuwa unang'aa, umelainishwa na viganja kama mpini wa jembe la zamani.

Nilipanda wa kwanza.

Juu palikuwa kama uwanja wa nyumba, umefichwa na ukuta ulioinamia. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mashimo manne ya nguzo, kamba imebaki kwenye moja, na kipande cha turubai la bluu. Kulikuwa na mabeseni yaliyochimbwa ardhini, yamejaa tope la kijivu, laini, linang'aa usoni kama jicho la mgonjwa. Huo ndio mwalo, sehemu ya kuoshea mchanga wa dhahabu na ile dawa yao, zebaki. Kutoka kwenye beseni la mwisho kulikuwa na mfereji mdogo, umechimbwa kwa ustadi, unaelekea chini. Kwenye mto. Kwetu.

Majivu ya jiko yalikuwa na joto bado.

Na ukutani, umeegemezwa vizuri, kulikuwa na ufagio wa vijiti. Umefungwa kwa kitenge cha samaki wa bluu.

Jirani aliutazama, akanitazama. Nilimngoja aseme. Alikuwa na haki yote ya kusema. Akaushika mkono wangu tu, akasema, "Haya."

Ndipo tukasikia. Ko, ko, ko. Hapohapo, nyuma ya jiwe, karibu kiasi kwamba nilihisi kwenye nyayo. Wenye mwalo walikuwa wamekimbia, turubai limeng'olewa, nyundo wamekwenda nazo. Palikuwa na tundu la duara lililofukiwa kwa mawe, na sauti ilitoka humo. Tukasimama, ikasimama. Jirani akapumua, ko. Labda walikuwa na njia nyingine ya chini wakatusikiliza kutoka huko. Nimejaribu kuamini hivyo. Miaka miwili walikuwa wanatutisha kwa nyundo zao, hilo nimelielewa. Ile ya siku ile sijaielewa.

Nilijaza chupa moja kwenye mfereji nikaifunga kwa mfuko wa nailoni mara tatu. Jirani aliuliza kama tunageuza. Nilisema hapana, siwezi kuipa mgongo ile sauti. Tukaendelea juu, mawe kwa mawe, bila kula, na saa kumi tulitokea kwenye barabara ya Geita, magoti yamechubuka, ufagio nimeubeba begani kama jembe. Bodaboda wa kwanza aliyetuona aliongeza mwendo.

Chupa nilimpa nesi mkononi. Alisema itapelekwa kupimwa, na mpaka leo ninapoandika haya sijajibiwa. Ufagio niliusimamisha kisimani, wanawake wauone. Nusu waliacha kuchota pale. Nusu walisema nimemwamsha marehemu, na mtoto wa yeyote akikohoa ni mimi. Sikubaki kubishana. Nilimbeba mwanangu nikaenda naye Ibadakuli kwa mama yangu, karibu na uwanja wa ndege, kwenye maji ya bomba.

Mume wangu alikuja wiki ya sita. Alimwamkia mama, "Shikamoo," mama akaitikia "Marahaba" na kuingia ndani. Akakaa kwenye kigoda uani. Alisema mambo mengi. Kwamba hakuwa peke yake. Kwamba alikuwa analipwa kufagia na kubadilisha tawi tu, tope hakuligusa. Kwamba wameshahama. Kwamba maji ya kule hayana neno, watu wanatia chumvi, nesi ni mtoto mdogo wa juzi, na mimi nimeiaibisha nyumba yake kwa ufagio. Nirudi.

Nikaingia ndani, nikatoka na chupa. Chupa ya aina ileile, na mfuko wa nailoni umefungwa mara tatu. Nikaufungua mbele yake, nikamimina kwenye kikombe cha mtoto, nikakiweka mchangani katikati yetu.

"Nilibakiza. Kunywa, turudi wote leo."

Akakitazama kile kikombe. Ndege ikapita juu inatua, kelele ikatufunika, ikaisha, bado anakitazama.

Mtoto alikuwa anacheza mlangoni. Akaona kikombe chake. Akaja, viganja mbele, vinatetemeka kidogo, si kama zamani, akainama kukishika.

Baba yake alikirusha kwa teke mpaka ukutani. Hakufikiri. Mtoto akaanguka kwa makalio, akalia. Yeye amesimama, anahema, anatazama maji yanavyoingia mchangani, halafu ananitazama mimi, na akajua nimeshaona.

Yalikuwa maji ya bomba. Sikumwambia. Nilimnyanyua mwanangu, nikamfuta mchanga, nikaenda kumjazia kikombe kingine.